UZI: SQL isije ikawa "si kweli" – kuanza kuuliza maswali kwa daftari la duka

#1 Nukta_Mkato (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni kwa anayetaka kuanza SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata, kwa vitendo. Mfano wetu ni daftari la duka la Mangi: nani kachukua nini, lini, kwa bei gani, na nani kalipa. Tutatumia SQLite, maana haitaki seva wala nywila. Hifadhidata nzima ni faili moja unaloweza kulibeba kwenye flashi. Ukihamia PostgreSQL au MySQL, mengi yanabaki yaleyale. Palipo na tofauti tutapataja.

Tukubaliane maneno kwanza. Jedwali lina safu (za wima: jina, bei, tarehe) na mistari (ya mlalo: kila mstari ni tukio moja au mtu mmoja). Swali ni amri inayoanza na SELECT. Inasoma tu, haibadilishi kitu, kwa hiyo usiogope kuijaribu.

Ubuntu: `sudo apt install sqlite3`. Mac inakuja nayo. Windows: pakua kifurushi cha sqlite-tools kutoka sqlite.org, kifungue, kisha fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo. Halafu:

```
sqlite3 duka.db
.headers on
.mode column
PRAGMA foreign_keys = ON;
```

Mstari wa mwisho usiuruke. SQLite haikagui mahusiano ya majedwali mpaka uiambie, na inabidi uiambie kila unapofungua faili upya.

```
CREATE TABLE wateja (
  id   INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  simu TEXT,
  mtaa TEXT
);
CREATE TABLE mauzo (
  id       INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER REFERENCES wateja(id),
  tarehe   TEXT NOT NULL,
  bidhaa   TEXT NOT NULL,
  idadi    INTEGER NOT NULL,
  bei      INTEGER NOT NULL
);
CREATE TABLE malipo (
  id       INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER NOT NULL REFERENCES wateja(id),
  tarehe   TEXT NOT NULL,
  kiasi    INTEGER NOT NULL
);

INSERT INTO wateja (id, jina, mtaa) VALUES
 (1,'Asha','Magomeni'), (2,'Juma','Manzese'),
 (3,'Neema','Magomeni'), (4,'Baraka',NULL);

INSERT INTO mauzo VALUES
 (1,1,'2025-03-01','unga',2,4000),
 (2,1,'2025-03-03','sukari',1,3000),
 (3,2,'2025-03-03','mchele',5,2800),
 (4,3,'2025-03-04','mafuta',1,6500),
 (5,NULL,'2025-03-04','sabuni',2,1500),
 (6,2,'2025-03-05','sukari',2,3000);

INSERT INTO malipo VALUES
 (1,1,'2025-03-05',5000),
 (2,1,'2025-03-08',2000),
 (3,2,'2025-03-06',10000);
```

PRIMARY KEY ni ufunguo, namba ya kipekee ya kila mstari. REFERENCES inasema mteja_id lazima iwe id iliyopo kwenye wateja. Namba ya simu ni TEXT (maandishi), si INTEGER (namba kamili): ukiiweka kama namba, sifuri ya mbele inapotea. Tarehe tunaanza na mwaka, mwezi, kisha siku, kwa sababu zikipangwa kama maandishi zinakaa sawa na kalenda. Ukiandika 01/03/2025, tarehe mosi za miezi yote zitajikusanya pamoja. Mauzo namba 5 hayana mteja, ndiyo maana pameandikwa NULL: mpita njia kanunua sabuni kwa taslimu.

Maswali ya kwanza (WHERE huchuja mistari, AS hutunga jina, ORDER BY ... DESC hupanga kuanzia kubwa, LIMIT huweka kikomo cha mistari, SUM hujumlisha):

```
SELECT jina, mtaa FROM wateja WHERE mtaa = 'Magomeni';

SELECT tarehe, bidhaa, idadi * bei AS jumla
FROM mauzo
ORDER BY jumla DESC
LIMIT 3;

SELECT SUM(idadi * bei) FROM mauzo;
```

La mwisho linatoa 40500. Ikumbukeni namba hiyo, tutaihitaji.

Ukigonga Enter na ukaona `...>` badala ya jibu, umesahau nukta mkato. Iandike, gonga tena.

---

#2 Bahari_Kavu

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza jambo linalowachanganya wengi: swali halitekelezwi kwa mpangilio linavyoandikwa. Tunaandika SELECT kwanza, lakini kimantiki safari ni hii: FROM na JOIN (mistari inakusanywa), WHERE (inachujwa), GROUP BY (inafungwa mafungu), HAVING (mafungu yanachujwa), SELECT (safu zinahesabiwa), ORDER BY, mwisho LIMIT.

Ndiyo maana jina `jumla` ulilolitunga kwenye SELECT linakubalika kwenye ORDER BY, ila ukilitumia kwenye WHERE, PostgreSQL inakugomea: WHERE imeshapita kabla jina halijazaliwa. SQLite inalikubali kwa hisani yake tu. Msizoee.

Na ndiyo maana sharti juu ya SUM linakwenda HAVING:

```
SELECT mteja_id, SUM(idadi * bei) AS jumla
FROM mauzo
WHERE mteja_id IS NOT NULL
GROUP BY mteja_id
HAVING SUM(idadi * bei) > 10000;
```

Jibu: mteja 1 ana 11000, mteja 2 ana 20000.

Kila safu iliyo kwenye SELECT ama iwe kwenye GROUP BY, ama iwe ndani ya SUM, COUNT, MAX na wenzake. Ukiongeza `bidhaa` hapo juu, PostgreSQL inakataa, na MySQL inakataa tangu toleo la 5.7 kama mipangilio haijaguswa. SQLite inakuchagulia bidhaa moja ya fungu hilo na kunyamaza. Kimya hicho ndicho kibaya.

---

#3 Kalamu_Nyekundu

Swali fupi: `SELECT jina FROM wateja WHERE mtaa <> 'Magomeni';` inaniletea Juma peke yake. Baraka hakai Magomeni, mbona hayupo?

---

#4 Jongoo_wa_Data

Kwa sababu hatujui Baraka anakaa wapi, na SQL inakuchukulia neno lako. NULL si sifuri, wala si maandishi matupu. Ni "haijulikani". Ukiiuliza "je, kisichojulikana ni tofauti na Magomeni?", jibu si ndiyo wala siyo, ni "haijulikani" vilevile. WHERE hupitisha mistari yenye jibu la ndiyo tu.

```
SELECT jina FROM wateja
WHERE mtaa <> 'Magomeni' OR mtaa IS NULL;
```

Usiandike `mtaa = NULL`. Haileti kosa, inaleta jedwali tupu.

NULL hiyohiyo inabadilisha hesabu. Kwenye mauzo, `COUNT(*)` ni 6, `COUNT(mteja_id)` ni 5 kwa kuwa inaruka NULL, na `COUNT(DISTINCT mteja_id)` ni 3 kwa kuwa kila mteja anahesabiwa mara moja tu. Maswali matatu tofauti, na ukiulizwa "wateja wangapi wamenunua?" ni hilo la tatu.

Mtego mkubwa zaidi ni huu. Unatafuta ambao hawajanunua chochote:

```
SELECT jina FROM wateja
WHERE id NOT IN (SELECT mteja_id FROM mauzo);
```

Unategemea Baraka, unapata hewa. Orodha ya ndani ina NULL moja, ile ya mnunuzi wa sabuni, na hiyo moja inatosha: hakuna anayeweza kuthibitishwa kwamba hayumo kwenye orodha yenye jina lisilojulikana. Andika hivi (w na m ni vifupi vya majina ya majedwali):

```
SELECT w.jina FROM wateja w
WHERE NOT EXISTS
  (SELECT 1 FROM mauzo m WHERE m.mteja_id = w.id);
```

---

#5 Nukta_Mkato (mleta mada)

Ahsante Jongoo. Sasa JOIN, kuunganisha majedwali.

```
SELECT w.jina, m.tarehe, m.bidhaa, m.idadi * m.bei AS jumla
FROM mauzo m
JOIN wateja w ON w.id = m.mteja_id;
```

Mistari 5, si 6. Jumla yake ni 37500, wakati ile ya mwanzo ilikuwa 40500. Shilingi 3000 za sabuni hazikuibiwa: JOIN ya kawaida hubakiza mistari yenye mwenza pande zote mbili, na sabuni haina mteja. Ukiandika `FROM mauzo m LEFT JOIN wateja w ...`, mauzo yote yanabaki, na pasipo na mteja jina linakuwa NULL.

Deni la kila mteja basi ni hivi:

```
SELECT w.jina,
       SUM(m.idadi * m.bei) - SUM(l.kiasi) AS deni
FROM wateja w
LEFT JOIN mauzo m  ON m.mteja_id = w.id
LEFT JOIN malipo l ON l.mteja_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;
```

---

#6 Jongoo_wa_Data

Mkuu, hilo la mwisho lifute kabla mtu hajaenda kudai watu nalo. Liendesheni muone:

Asha 8000, Juma 0, Neema NULL, Baraka NULL.

Hesabu kwa kidole. Asha kachukua vitu vya 11000, kalipa 7000, anadaiwa 4000. Juma kachukua vya 20000, kalipa 10000, anadaiwa 10000. Swali lako limemwongezea Asha deni mara mbili na kumsamehe Juma lote.

Sababu: Asha ana mauzo 2 na malipo 2. Kila mstari wa mauzo unakutana na kila mstari wa malipo, inazaliwa mistari 4, mauzo yanakuwa 22000 na malipo 14000. Juma ana mauzo 2 na malipo 1. Mauzo yanabaki 20000, lakini ile 10000 aliyolipa inajirudia kwenye mistari miwili na kuwa 20000. Neema hajalipa, SUM ya hewa ni NULL, na 6500 kutoa kisichojulikana ni kisichojulikana.

Ondoa GROUP BY na SUM, weka `SELECT *`, na mistari inayojirudia utaiona kwa macho. Hiyo ndiyo njia ya kukagua JOIN yoyote unayoitilia shaka.

Dawa ni kujumlisha kila upande peke yake mpaka mteja awe na mstari mmoja tu, ndipo uunganishe. WITH inayapa matokeo hayo majina ya muda, m na l:

```
WITH m AS (
  SELECT mteja_id, SUM(idadi * bei) AS jumla
  FROM mauzo GROUP BY mteja_id
),
l AS (
  SELECT mteja_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM malipo GROUP BY mteja_id
)
SELECT w.jina,
       COALESCE(m.jumla, 0) - COALESCE(l.jumla, 0) AS deni
FROM wateja w
LEFT JOIN m ON m.mteja_id = w.id
LEFT JOIN l ON l.mteja_id = w.id
ORDER BY deni DESC;
```

Juma 10000, Neema 6500, Asha 4000, Baraka 0. COALESCE hurudisha thamani ya kwanza isiyo NULL, hapa asiye na kitu anahesabiwa 0.

Msiibandike DISTINCT ndani ya SUM kama plasta. Mteja akilipa 5000 mara mbili, `SUM(DISTINCT kiasi)` itahesabu 5000 moja, na hapo umemdhulumu mtu.

---

#7 Nukta_Mkato (mleta mada)

Nimekosea, sahihisho limepokelewa. La #5 naliacha makusudi lionekane, kwa sababu halikutoa kosa lolote. Kompyuta iliridhika kabisa.

---

#8 Bahari_Kavu

Hapa ndipo matamshi ya kwenye kichwa cha uzi yanapoingia. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliiita lugha hii SEQUEL, wakijenga juu ya kazi ya Edgar Codd ya mwaka 1970 kuhusu kupanga data kwa majedwali yenye mahusiano. Jina likafupishwa baadaye kwa sababu lilikuwa alama ya biashara ya watu wengine. Wazungu wengi bado wanaitamka "sikweli". Mswahili akisikia "si kweli", na akitazama deni la Juma hapo juu, hawezi kubisha.

Kinga ninayoiamini mimi: kabla hujaandika swali, sema kwa sauti kila mstari wa jibu utasimama badala ya nini. "Mstari mmoja kwa kila mteja." Kisha baada ya kila JOIN jiulize kama kauli hiyo bado ipo. Kwenye #5 ilivunjika kwenye JOIN ya kwanza tu: mstari ukawa "mauzo ya mteja", na ya pili ikaufanya kuwa "kila mauzo yakikutana na kila lipo", kitu ambacho hakipo duniani.

Na mtego mwingine wa LEFT JOIN. Unataka wateja wote, pamoja na walichonunua tarehe 3:

```
SELECT w.jina, m.bidhaa
FROM wateja w
LEFT JOIN mauzo m ON m.mteja_id = w.id
WHERE m.tarehe = '2025-03-03';
```

Neema na Baraka wametoweka. LEFT JOIN iliwabakiza, WHERE ikawatupa, kwa sababu tarehe yao haifanani na hiyo. Hamishia sharti kwenye ON: `ON m.mteja_id = w.id AND m.tarehe = '2025-03-03'`. Wanarudi.

---

#9 Kalamu_Nyekundu

Na kama daftari tayari liko kwenye Excel? Nimehifadhi kama CSV (faili la maandishi linalotenganisha safu kwa mikato), nikaingiza kwenye `mauzo`, jumla ikatoka ndogo ajabu.

---

#10 Fundi_Majedwali

Bei zako zina mkato wa maelfu, dau langu liko hapo.

SQLite haishurutishi aina ya data kwenye jedwali la kawaida. Safu ya INTEGER ikiletewa `4,000` inaihifadhi kama maandishi. Ukifika wakati wa kuzidisha, inasoma namba kutoka kushoto mpaka inapokwama, na inakwama kwenye mkato. Unga wa 4000 unakuwa wa 4. Watafute:

```
SELECT id, bei FROM mauzo WHERE typeof(bei) <> 'integer';
UPDATE mauzo SET bei = CAST(REPLACE(bei, ',', '') AS INTEGER)
WHERE typeof(bei) = 'text';
```

Afadhali zaidi, lizuie mlangoni: unapotengeneza jedwali malizia na neno STRICT baada ya mabano ya mwisho, yaani `) STRICT;`. Linapatikana tangu toleo la 3.37, nalo linakataa maandishi kwenye safu ya namba palepale.

Kuingiza CSV:

```
.mode csv
.import --skip 1 wateja.csv wateja
.mode column
```

Bila `--skip 1`, vichwa vya safu navyo vinachukuliwa kama data. Kwenye wateja, neno "id" halitakubalika kama namba na utaona kosa, lakini jedwali lisilo na ufunguo wa namba litalimeza.

Sehemu tupu za CSV zinaingia kama maandishi matupu, si NULL. Kwa hiyo `IS NULL` haiwaoni wasio na simu mpaka usafishe: `UPDATE wateja SET simu = NULLIF(simu, '');`. Kwenye `mteja_id` hali ni mbaya zaidi, maana ukaguzi wa mahusiano ukiwa umewashwa, mstari huo unakataliwa kabisa. Ingiza kwanza kwenye jedwali la muda lisilo na masharti, safisha, kisha uhamishe kwa `INSERT INTO mauzo SELECT ...`.

Sifuri za simu Excel huwa imeshazila kabla faili halijafika SQLite. Ipe safu hiyo muundo wa maandishi kabla ya kuandika namba.

Halafu mleta mada, `bidhaa` kuwa maandishi ya kuandika tu kila mara ni uvivu. "sukari", "Sukari" na "sukari " yenye nafasi mwishoni ni mafungu matatu kwenye GROUP BY. Ilipaswa kuwa na jedwali lake.

---

#11 Nukta_Mkato (mleta mada)

Kweli, jedwali la bidhaa nililiacha ili JOIN ya kwanza iwe nyepesi. Ila `bei` ibaki kwenye mauzo hata jedwali la bidhaa likiwepo: sukari ikipanda kesho, mauzo ya Machi hayapaswi kupanda nayo.

Kubadilisha data sasa. UPDATE na DELETE bila WHERE hugusa jedwali zima bila kukuuliza. Andika sharti lako kwanza kwenye SELECT, hesabu mistari, ndipo uifungie ndani ya muamala:

```
BEGIN;
UPDATE mauzo SET bei = 3200 WHERE id = 6;
SELECT changes();
```

`changes()` ikisema 1, andika `COMMIT;`. Ikisema 6, andika `ROLLBACK;` na hakuna kilichotokea. Muamala ni uleule mnaoujua wa pesa za simu: ama pesa itoke huku na iingie kule, ama isitoke kabisa. Kwenye MySQL muwe macho, CREATE TABLE au DROP TABLE katikati ya muamala inathibitisha yote yaliyotangulia na ROLLBACK haina tena cha kurudisha.

---

#12 Kalamu_Nyekundu

Kweli ilikuwa mikato, Fundi. La mwisho: mauzo ya mwezi nachuja kwa `strftime('%Y-%m', tarehe) = '2025-03'`. Jibu ni sahihi ila mistari ikifika laki kadhaa inajivuta. Na kuna mstari mmoja wa nyama umegoma kuingia kabisa.

---

#13 Bahari_Kavu

Umeifunika safu kwa fomula, kwa hiyo faharasa ya tarehe (index, orodha iliyopangwa ya kutafutia mistari haraka) haisaidii. Inabidi isome mstari mmoja mmoja na kuukokotoa. Iache safu uchi:

```
CREATE INDEX faharasa_tarehe ON mauzo(tarehe);

EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT SUM(idadi * bei) FROM mauzo
WHERE tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01';
```

EXPLAIN QUERY PLAN inakuonyesha njia itakayotumika. Ukiona SCAN, inasoma jedwali zima. Ukiona SEARCH ... USING INDEX, inakwenda moja kwa moja. Tumia "chini ya tarehe 1 Aprili" badala ya BETWEEN inayoishia Machi 31: siku utakapoanza kuhifadhi na saa, '2025-03-31 14:20' ni kubwa kuliko '2025-03-31', na mauzo ya siku nzima yatabaki nje.

---

#14 Fundi_Majedwali

Nyama ya ng'ombe, sivyo? Alama moja ya nukuu ndiyo inayofungua na kufunga maandishi kwenye SQL, kwa hiyo ile ya ng'ombe imeyafunga katikati na `ombe` imebaki nje haina maana. Ukikwama kwenye `...>` na nukta mkato haisaidii, andika `';` ili ujitoe. Alama hiyo iandike mara mbili:

```
INSERT INTO mauzo VALUES
 (7,3,'2025-03-06','nyama ya ng''ombe',1,12000);
```

Usiikwepe kwa kuzungushia maandishi nukuu pacha ("). Hizo kwenye PostgreSQL ni za majina ya safu na majedwali, na itakuambia haijui safu yenye jina hilo.

Ukiandika programu usiunganishe maandishi ya mtumiaji na swali kabisa. Kwenye Python (kon ni muunganisho wako na hifadhidata):

```
kon.execute("SELECT * FROM mauzo WHERE bidhaa = ?", (bidhaa,))
```

Alama ya `?` inapeleka thamani kando na swali. Ng'ombe anapita salama, na mtu akiandika `' OR '1'='1` kwenye kisanduku cha kutafuta, hifadhidata inatafuta bidhaa yenye jina hilo la ajabu badala ya kumfungulia daftari zima. Huo mkato baada ya `bidhaa` ndani ya mabano usiufute; bila huo Python inapeleka herufi mojamoja na utaambiwa idadi ya thamani hailingani.